Waya, Penseli na Namba Iitwayo IQ

Mwanasaikolojia Robert Serpell, ambaye alifanya kazi Zambia kwa miaka mingi, aliwahi kuwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester kazi ileile: tazama umbo hili, kisha lifanye upya kwa mikono yako. Walipopewa penseli na karatasi, watoto wa Manchester waliongoza. Walipopewa waya, wa Lusaka wakaongoza. Walipopewa udongo wa kufinyanga, tofauti ikatoweka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1979, na yeyote aliyekulia mtaani Afrika Mashariki atayaelewa bila kuelezwa. Mtoto anayekunja waya akapata lori lenye usukani mrefu na magurudumu ya visoda au kandambili zilizochakaa amekuwa akichora kwa waya kabla hajawahi kumiliki penseli yake mwenyewe.

Serpell angekwenda na penseli peke yake, angerudi na jedwali safi linaloonyesha kwamba watoto wa Manchester wanayashika maumbo kuliko wa Lusaka. Jedwali hilo lisingekuwa na tarakimu hata moja ya uongo. Ugumu wote wa vipimo vya akili uko hapo: namba yaweza kuwa sahihi, na bado jambo linalosemwa kwa namba hiyo likawa si kweli. Wapo wanaosoma jaribio kama hili wakahitimisha kwamba IQ ni upuuzi mtupu. Wapo pia wanaoitaja IQ ya mtu kama wanavyotaja kundi lake la damu. Naona wote wamekosea, na kosa lao ni moja. Wameitenga namba na swali lililoizaa.

Swali la kwanza liliulizwa Paris. Mwaka 1882 sheria iliifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima Ufaransa, na madarasa yakajaa watoto ambao zamani wangebaki shambani au viwandani. Baadhi yao hawakuweza kwenda sambamba na wenzao. Mwaka 1904 serikali iliunda tume ya kuangalia namna ya kuwasomesha, na Alfred Binet akawa mmoja wa wajumbe. Binet aliona hatari mbili. Mwalimu angeweza kumwondoa darasani mtoto msumbufu kwa kumwita mjinga, na madaktari watatu wangeweza kumpa mtoto mmoja majina matatu tofauti ya ulemavu. Alitaka njia iliyo sawa kwa wote. Mwaka 1905, pamoja na daktari kijana Théodore Simon, alitoa kipimo chenye kazi 30, kuanzia kufuata kwa macho njiti ya kiberiti inayowaka hadi kurudia tarakimu, kulinganisha mistari na kueleza tofauti ya maneno ya dhana. Mwaka 1908 wakazipanga kazi kwa umri: hizi mtoto wa kawaida wa miaka 6 anazimudu, hizi wa miaka 8, na kuendelea. Mtoto wa miaka 9 aliyeishia kwenye kazi za miaka 6 alihitaji kuangaliwa kwa karibu.

Kazi ya kipimo ilikuwa hiyo, kumtambua mtoto anayehitaji msaada. Binet alionya kwamba kipimo chake hakipimi akili kama futi inavyopima ubao. Katika kitabu cha 1909 aliwapinga waziwazi waliodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoweza kuongezeka, na akaeleza mazoezi ya umakini, kumbukumbu na utashi yaliyotungwa kwa ajili ya watoto waliobaki nyuma. Alifariki mwaka 1911. Namba tunayoiita IQ hakuitengeneza yeye. Mjerumani William Stern alipendekeza mwaka 1912 kwamba umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa, na Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akazidisha jibu kwa 100 mwaka 1916.

Siku hizi hata kugawanya huko hakutumiki, kwa kuwa hakuna maana ya kusema mzee wa miaka 60 ana akili ya mtu wa miaka 45. David Wechsler, aliyekuwa katika hospitali ya Bellevue, New York, alitoa mwaka 1939 kipimo kinachomlinganisha mtu na wa rika lake, na ndiyo njia iliyobaki. Kuielewa ni rahisi kwa yeyote aliyewahi kupeleka ripoti ya shule nyumbani. Ripoti inayosema "nafasi ya 9 kati ya 84" haisemi mtoto anajua kiasi gani. Inasema amesimama wapi kwenye msitari. Mtoto huyohuyo akihamia shule ya ng'ambo ya barabara anaweza kuwa wa 40 bila kusahau herufi hata moja. IQ ni nafasi ya namna hiyo iliyogeuzwa kuwa namba. Watungaji wa kipimo huwapima watu wengi, wastani wao wakauita 100, na mtawanyiko wao wakaupanga ili theluthi mbili hivi waangukie kati ya 85 na 115, na wawili tu katika kila 100 wavuke 130. Ndoo ya lita 20 ina maji mara mbili ya ndoo ya lita 10. Mwenye IQ ya 140 hana akili mara mbili ya mwenye 70, kwa sababu nafasi kwenye msitari haina sifuri ya kuanzia kuhesabu.

Pamoja na hayo, kuna jambo ambalo wapinzani wa vipimo hawajaweza kuliondoa kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1904 Mwingereza Charles Spearman aligundua kwamba watoto wanaofanya vizuri katika somo moja huelekea kufanya vizuri katika mengine, hata yasiyofanana. Baadaye ikaonekana vivyo hivyo katika vipimo vya akili: anayejua maneno mengi huelekea pia kukumbuka tarakimu nyingi, kupanga maumbo haraka na kuona mpangilio katika michoro isiyo na maneno. Si kila mtu, lakini ukipima maelfu, mwelekeo hujitokeza, na hujitokeza karibu kila mahali palipopimwa. Spearman aliamini kuwa nyuma yake kuna uwezo mmoja wa jumla, akauita kwa herufi g.

Hapo ndipo ninapoachana naye. Watafiti wa hali ya maisha huingia katika kaya na kuuliza: paa ni la bati au makuti? Sakafu ni ya saruji au udongo? Kuna redio, baiskeli, choo cha aina gani? Majibu hayo huelekea kwenda pamoja, kwa hiyo huyakusanya na kupata namba moja ya hali ya kaya. Namba hiyo ina kazi kubwa katika kupanga huduma. Lakini hata ukiibomoa nyumba tofali kwa tofali, hutaikuta "hali ya kaya" imefichwa chini ya kitanda. Vitu vingi huenda pamoja kwa sababu vinasaidiana na vina vyanzo vya pamoja. Uwezo wa kukumbuka humsaidia mtoto kujifunza maneno, maneno humsaidia kuelewa maagizo, na kuelewa maagizo humfanya afaidike na darasa. Inawezekana g ni jina la mkusanyiko wa namna hiyo. Wanasayansi bado wanabishana, lakini mtu anayesema "IQ yangu ni 118" kana kwamba anataja kitu kilichowekwa ndani ya fuvu amevuka yale yaliyothibitishwa.

Je, alama hizo zina maana yoyote katika maisha? Zina maana, na ushahidi mzuri zaidi ninaoujua unatoka Scotland. Tarehe 1 Juni 1932 karibu watoto wote waliozaliwa mwaka 1921 na waliokuwa shuleni nchini humo, jumla 87,498, walikaa na kufanya mtihani mmoja wa akili. Madaftari yakahifadhiwa na kusahauliwa. Miaka zaidi ya 60 baadaye Ian Deary na Lawrence Whalley waliyafufua, wakawatafuta wazee wa Aberdeen waliokuwa bado hai na kuwapa mtihani uleule. Aliyekuwa juu akiwa na miaka 11 mara nyingi alikuwa bado juu akiwa na miaka 77, na kipimo cha uhusiano kati ya alama hizo mbili kilikuwa 0.63, ambapo 1 ni kulingana kabisa. Kisha wakaangalia nani aliishi muda gani. Mtoto aliyekuwa chini ya mwenzake kwa alama 15 alikuwa na uwezekano wa kufikia miaka 76 ulio sawa na asilimia 79 ya ule wa mwenzake. Namba isiyo na maana haiwezi kufanya hivyo. Kwa nini inafanya hivyo ni suala jingine. Huenda watoto wa alama za juu walipata kazi zisizovunja mwili, huenda walielewa maagizo ya daktari vizuri zaidi, au huenda alama za chini zenyewe zilikuwa dalili ya mwili uliokwisha kuumizwa na ugonjwa au njaa.

Kazini uzito wake ni mdogo kuliko wengi walivyofundishwa. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikadiria uhusiano kati ya vipimo vya uwezo wa akili na ufanisi wa kazi kuwa takriban 0.5, na takwimu hiyo ikaingia katika vitabu vya usimamizi duniani kote. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia hesabu na kuona kwamba masahihisho ya kitakwimu yaliyotumika yalizidishwa, wakapata takriban 0.31. Uhusiano wa kiwango hicho unamfaa mwajiri anayechagua watu 500 kati ya 5,000. Kwa mtu mmoja aliyekaa mbele yako hausemi mengi. Terman mwenyewe alilionja hilo. Kuanzia mwaka 1921 aliwakusanya watoto wapatao 1,500 wa California wenye alama za juu sana ili kufuatilia ukuu wao. Wavulana wawili waliopimwa na kukosa alama za kuingia katika kundi hilo, William Shockley na Luis Alvarez, baadaye walipata tuzo za Nobel za fizikia, mmoja mwaka 1956 na mwingine mwaka 1968. Katika wote waliochaguliwa hakuna aliyepata.

Kama hadithi ingeishia hapo, IQ ingekuwa chombo cha kawaida cha takwimu, kizuri kwa makundi na dhaifu kwa mtu mmoja. Lakini kipimo kilipovuka Atlantiki kilibadilishiwa swali. Binet aliuliza nani asaidiwe. Marekani wakauliza nani azuiwe. Henry Goddard alipeleka wapimaji wake katika kisiwa cha Ellis mwaka 1913, walikoteremka wahamiaji kutoka Ulaya wakiwa wamechoka kwa safari ya meli na wengi hawajui Kiingereza, akatangaza kwamba takriban wanne kati ya watano wa kundi alilolipima walikuwa na upungufu wa akili. Katika Vita Kuu ya Kwanza Robert Yerkes alisimamia upimaji wa askari wapatao milioni 1.7. Wasiojua kusoma walipewa kipimo cha picha, na mojawapo ilikuwa uwanja wa tenisi usio na wavu: sema kilichokosekana. Kijana aliyetoka kulima pamba ambaye hajawahi kuona tenisi alihesabiwa kukosa akili. Carl Brigham aliyatumia matokeo hayo mwaka 1923 kudai kwamba watu wa kusini na mashariki mwa Ulaya walikuwa na akili duni kwa asili. Mwaka 1930 aliyakana maandishi yake, na nampa heshima kwa hilo, ila miaka 7 ilikuwa imepita.

Wengine walioumizwa na vipimo hawakupata hata mtu wa kuyakana yaliyoandikwa juu yao. Carrie Buck wa Virginia alikuwa binti wa miaka 18 alipoandikwa kuwa ana umri wa akili wa miaka 9. Mama yake aliandikwa chini ya miaka 8. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 8 dhidi ya 1, iliruhusu afungwe kizazi bila ridhaa yake ili ukoo wao usiendelee kuzaa. Bintiye mdogo, Vivian, aliyesemekana naye ni punguani akiwa bado mchanga, aliingia shule na kuwahi kuandikwa katika orodha ya wanafunzi bora kabla ya kufa akiwa na miaka 8. Zaidi ya Wamarekani 60,000 walifungwa kizazi chini ya sheria za namna hiyo.

Afrika Mashariki haikuachwa nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 R. A. C. Oliver, akiwa Kabete kwa fedha za mfuko wa Carnegie, alitunga kipimo cha akili kwa Waafrika, lakini alikuwa mwangalifu akaonya kwamba kulinganisha jamii zilizokulia katika hali tofauti hakuthibitishi chochote kuhusu asili yao. Uangalifu wake haukusikika. Daktari H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari, Nairobi, alikuwa akipima mafuvu na kudai kwamba ubongo wa Mwafrika ni pungufu, na mwaka 1933 walowezi wakaunda chama cha kuchunguza "uboreshaji wa mbari". J. C. Carothers, aliyekuja Mathari baada yake, aliandika mwaka 1953 kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, akimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha maelezo yake ya kisaikolojia kuhusu Mau Mau. Watu waliodai ardhi yao wakawa wagonjwa.

Fikra hiyo haikuzikwa pamoja na ukoloni. Mwaka 2002 Richard Lynn na Tatu Vanhanen walitoa kitabu chenye IQ za nchi 185. Kati ya hizo, nchi 104 hazikuwa na kipimo chochote. Waliazima alama za nchi jirani wakakadiria. Orodha hiyo bado inazunguka kwenye simu za watu, na inaniuma kila ninapoona vijana wetu wakiisambaza wenyewe kwa wenyewe kama ukweli uliopimwa.

Jibu lililo wazi kuliko yote lilitoka Embu, Kenya. Mwaka 1984 watafiti waliwapima watoto wadogo wa vijijini huko kwa michoro ya Raven, ambayo kipande kimekosekana na mtoto anachagua kinachofaa. Mwaka 1998 wengine waliwapima watoto wa umri uleule katika eneo lilelile. Tamara Daley na wenzake walipolinganisha, matokeo waliyoyachapisha mwaka 2003 yalionyesha ongezeko la takriban alama 26 za IQ. Miaka 14 haitoshi kubadilisha damu ya watu wa Embu. Kilichobadilika, kwa maelezo ya watafiti, ni kwamba wazazi wengi zaidi walijua kusoma, familia zilikuwa ndogo zaidi, na watoto walikula vizuri na kuugua kidogo. Tofauti ya alama 26 ni kubwa kuliko nyingi ya zile ambazo watu wamekuwa wakizitumia kutenganisha mbari na mbari.

Embu haikuwa peke yake. James Flynn wa New Zealand alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba alama zilikuwa zikipanda katika nchi nyingi zenye viwanda, kwa takriban alama 3 kila miaka 10, ndiyo maana vipimo hutungwa upya ili wastani urudi 100. Norway, ambako vijana hupimwa wanapoitwa jeshini, alama zilianza kushuka kwa waliozaliwa baada ya katikati ya miaka ya 1970, na zilishuka hata baina ya ndugu wa tumbo moja. Zinazopanda na kushuka namna hii ndani ya kizazi kimoja haziwezi kuwa muhuri wa kuzaliwa. Ni kweli kwamba urithi unachangia sehemu kubwa ya tofauti kati ya mtu na mtu katika jamii moja. Mbegu za aina mbili zikipandwa katika shamba moja, zitatofautiana kwa sababu ya mbegu. Zikipandwa katika mashamba mawili, moja la mbolea na moja la changarawe, urefu wa mahindi hautakuambia tena mbegu ipi ni bora.

Na mbolea tunaijua. Stuart Ritchie na Elliot Tucker-Drob walikusanya mwaka 2018 takwimu za watu zaidi ya 600,000, wakaona kwamba kila mwaka wa ziada wa shule huongeza kati ya alama 1 na 5. Upungufu mkubwa wa madini joto kwa mama mjamzito hudumaza ubongo wa mtoto kabla hajazaliwa, ndiyo sababu chumvi yetu inatiwa madini hayo, na ndiyo sababu mikoa ya nyanda za juu za Tanzania, ambako tezi ilivimba shingoni mwa watu wengi, iligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto tangu miaka ya 1980. Risasi iliyokuwa katika petroli ilikula akili za watoto wa mijini hadi ilipoondolewa, na Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Pakiti ya chumvi na bomba la moshi vimefanya kazi kubwa kwa akili za watoto kuliko vitabu vyote vya mazoezi ya IQ vinavyouzwa.

Lakini hata tukikubali kwamba alama hupanda, bado swali la Serpell linabaki: zinapanda katika kitu gani? Kwa Kiswahili, mama anayemwambia mwanawe "huna akili" kwa kawaida hasemi kwamba hajui kujumlisha. Mtoto ameyatazama maziwa yakichemka hadi yakamwagika, au amempita mzee bila kumwamkia, au amekula chakula cha mdogo wake. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na katika mzizi wake mna maana ya kufunga, kama kamba inayomzuia ngamia asipotee. Akili ni kujizuia na kujua wajibu. Wakipsigis wa Kokwet, walioishi na watafiti Sara Harkness na Charles Super, humwita mtoto *ng'om* anapoona kazi ya nyumbani na kuifanya bila kutumwa. Akili ya darasani waliitenga kwa jina lake, "ng'om ya shule". Wajaluo wa Usenge, kando ya Ziwa Viktoria, waligawa akili katika *rieko*, *luoro*, *winjo* na *paro*: maarifa, heshima, uelewa na uwezo wa kuanzisha jambo. Katika Liberia, watafiti waliwaomba Wakpelle wapange vitu katika mafungu. Wakaweka kisu pamoja na chungwa, maana kisu hukata chungwa, na wakasema ndivyo afanyavyo mtu mwenye busara. Walipoulizwa mjinga angepangaje, wakaweka vyakula fungu moja na vyombo fungu jingine, kama kipimo kilivyotaka.

Huko Usenge, Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 juu ya ujuzi wa mitishamba: dawa ipi kwa ugonjwa upi, kwa kiasi gani. Ujuzi huo ni wa kufa na kupona mahali penye minyoo na malaria. Waliojua mitishamba zaidi ndio waliofanya vibaya zaidi katika msamiati wa Kiingereza. Watafiti walieleza kwamba baadhi ya familia ziliona shule haiwafikishi popote, zikawapa watoto elimu ya kijijini, na nyingine zikafanya kinyume. Kipimo cha shule kingewaita wa kwanza wajinga.

Kundi hilohilo lilifanya kazi nyingine karibu na Bagamoyo, ambayo kwangu ni muhimu kuliko zote. Waliwapima watoto zaidi ya 400 wa shule za msingi, kisha sehemu kubwa yao wakawafundisha kwa muda usiofika saa moja namna ya kuyakabili maswali ya aina ile, wakawapima tena. Alama zilipanda, na msitari ukajipanga upya. Miongoni mwa waliofundishwa, nafasi ya mtoto katika kipimo cha kwanza ilibashiri kidogo tu nafasi yake katika cha pili. Na kipimo cha pili ndicho kilichoelezea vizuri zaidi uwezo wao katika mambo mengine. Chini ya saa moja! Tunao watoto wangapi walioitwa vilaza darasa la pili, wakakubali, wakakaa nyuma ya darasa hadi la saba, ambao walichokosa ni mtu wa kuwaonyesha mara moja swali linataka nini?

Ubaya wa namba kugeuzwa hukumu ulifika mwisho wake Florida. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku kumpa adhabu ya kifo mtu mwenye ulemavu wa akili. Florida ikaweka mpaka: lazima IQ iwe 70 au chini. Freddie Lee Hall, aliyehukumiwa kifo kwa mauaji ya mwaka 1978, alipata 71. Mtu huyohuyo akirudia kipimo wiki nyingine anaweza kupungua au kuongezeka alama kadhaa, na watungaji wenyewe huandika hivyo katika miongozo yao. 71 ina maana ya mahali fulani kati ya 66 na 76. Mwaka 2014, kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama ilisema mpaka usiojali kosa la kipimo unakiuka katiba. Majaji wanne walikuwa tayari kuuacha usimame.

Kuna mahali kipimo kinapotumika kama Binet alivyotaka, na pengine ni karibu nasi kuliko tunavyodhani. Kilifi, pwani ya Kenya, Penny Holding na Amina Abubakar walitumia miaka wakitunga vipimo vya watoto kwa lugha za nyumbani na kwa vitu ambavyo mtoto wa kule anavijua, kwa sababu hospitali ilihitaji kujua malaria kali inawaachia nini wanaopona. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, Chandy John na wenzake waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliopona malaria ya ubongo. Miaka 2 baadaye, wakitembea na kucheza kama wenzao, mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa kufikiri ambao mzazi asingeweza kuutaja. Kwa watoto wa mtaani kwao waliopimwa pamoja, hawakufika mmoja kati ya kumi. Bila kipimo, mtoto huyo angerudi darasani na kuitwa mvivu. Baadaye Paul Bangirana, Michael Boivin na wenzao waliwapa baadhi ya watoto wa namna hiyo vipindi 16 vya mazoezi ya kompyuta katika wiki 8, na kasi yao ya kushughulikia wanayoyaona ikapanda, pamoja na kumbukumbu yao ya kujifunza. Alama ya chini iliyosomwa Mulago ilionyesha mtoto wa kusaidiwa.